Bega linauma: nichuliwe au nifanye mazoezi? Maswali yanayojirudia kila siku

Maswali haya ni yale yale, yanatoka kwa kina mama wa mwani kule Paje na Jambiani, wachumaji karafuu Pemba, mafundi rangi, na watu wa ofisini mjini wanaoshika mausi ya kompyuta kutwa nzima. Kama una haraka ruka mengine yote usome swali la 3 kwanza, hilo ndo lenye khatari.

## Kulijua bega lenyewe

1. Sijaanguka wala sijapigwa, bega linauma kwa nini?

Bega ndo kiungo kinachozunguka kuliko vyote mwilini, na kwa hivo mifupa yake haijashikana sana. Kichwa cha mfupa wa mkono kimekaa kwenye kibakuli kidogo tu, kinachokituliza pale kati ni misuli minne midogo na kano zake. Wengi wenye maumivu bila ya ajali shida yao iko kwenye hizo kano: zimepewa kazi ambayo hazikuizoea, mtu kakaa mwaka mzima hajanyanyua mkono juu ya kichwa alafu sikukuu inakaribia anapaka chokaa nyumba nzima kwa siku mbili, basi asubuhi ya tatu hawezi kuvaa kanzu.

Maumivu ya kano kwa kawaida yanakaa ubavuni mwa mkono, sehemu ya juu, yanazidi ukinyanyua mkono usawa wa bega na ukilalia upande huo usiku. Ukinionesha kwa kidole pale baina ya shingo na bega, na ganzi inashuka mpaka vidoleni, mie nitaanza kuiangalia shingo kabla ya bega.

2. Nitajuaje kama bega limeganda?

Simama, kiwiko kibane ubavuni, kikunje kama pembe ya meza, sasa upeleke mkono nje kama unafungua mlango. Fanya na mkono mzima (ule usiouma) ulinganishe. Alafu mwambie mtu aupeleke yeye mkono wako taratibu, wewe umelegea. Kama hata yeye haufiki, umekwama kama umefungwa, hapo bega huenda limeganda. Kama mwenyewe huwezi ama unaumia lakini yeye anaupeleka vizuri, hiyo ni habari ya kano (swali la 1).

Kuganda huwapata zaidi watu wa miaka 40 mpaka 60, wanawake kuliko wanaume, na wenye kisukari kuliko wengine wote (swali la 18). Linaanza na maumivu makali, hasa usiku, miezi kadhaa, baadae maumivu yanapungua lakini mkono hauendi, mwisho linafunguka polepole. Safari yote huchukua mwaka mmoja mpaka mitatu. Najua ni muda mrefu, lakini afadhali ulijue hilo mapema kuliko kuhama kwa wachuaji watano ukitafuta atakaelifungua kwa wiki.

3. Lini nisichue, nisifanye zoezi, niende hospitali moja kwa moja?

- Umeanguka au umegongwa na bodaboda na bega limebadilika umbo, au huwezi kuunyanyua mkono kabisa.
- Bega limevimba, jekundu, la moto, na una homa.
- Maumivu ya bega la kushoto au mkono pamoja na kifua kubana, jasho la baridi, kukosa pumzi. Hiyo inaweza kuwa ni moyo, usisubiri mpaka asubuhi.
- Unakonda bila sababu, au maumivu hayakuachi hata ukiwa umetulia tuli, usiku na mchana, au umewahi kutibiwa saratani.
- Mkono unapoteza nguvu siku hadi siku.

Na jambo moja wengi hawalijui: bega la kulia linaweza kuuma kwa sababu ya nyongo, mtu anachuliwa mwezi mzima na bega halina kosa lolote. Dalili yake ni kwamba hata uuzungushe mkono vipi maumivu hayabadiliki, ila yanakuja baada ya kula vya mafuta.

## Kuchua

4. Kuchuliwa kunaponesha?

Kunatuliza. Hilo lina ushahidi, maumivu hupungua na mkono huenda mbali kidogo zaidi, ila ni kwa muda mfupi, saa kadhaa au siku chache. Kuchua hakuungi kano wala hakufungui bega lililoganda, na zile "fundo" anazokwambia mchuaji kwamba kazivunja, hazikuvunjika, ni misuli iliyokuwa imekaza kwa kujilinda ikalegea kwa sababu mishipa ya fahamu imetulia.

Sasa mtu akisikia hivo anadhani nakwambia usichuliwe. La, chuliwa, lakini ile nafasi uliyoipata, lile saa moja ambalo bega limelegea, litumie kufanya mazoezi ya swali la 9. Anaechuliwa akaenda kulala atarudi tena wiki ijayo na bega lile lile, na mchuaji hatolalamika mana ndo riziki yake.

5. Mchuaji wetu anachua mpaka unalia, anasema bila hivo haiponi. Kweli?

Si kweli. Bibi zetu wengine wana mikono ya ajabu, wanajua kushika, lakini huu mtindo wa kumkandamiza mtu mpaka anatoka michubuko hauna faida yoyote ya ziada, na kwa bega lililoganda lile la mwanzo, la maumivu makali, unalichokoza likazidi. Dakika kumi mpaka kumi na tano zinatosha. Presha iwe ile unayoweza kupumua nayo vizuri huku unazungumza. Ukiona unabana meno, mwambie "taratibu bibi", si utovu wa adabu.

Pa kuchua: misuli ya juu baina ya shingo na bega, nyuma kwenye jani la bega, nyuma ya kwapa, na kifuani chini ya mtulinga. Mbele kabisa pale penye kano paachwe, pakikandamizwa panazidi kuuma.

Na asiukamate mkono akauvuta kwa nguvu mpaka ulie. Hilo halina mjadala.

6. Mafuta gani mazuri, ya karafuu?

Mafuta kazi yake kubwa ni mkono uteleze, basi hata ya nazi ya kujipikia nyumbani yanafaa. Mafuta ya karafuu yana yujeno, kitu ambacho kinatia ganzi kidogo, ndo mana hata jino linatulia, na haya ya makonyo (vijiti vya karafuu) yanayokamuliwa pale kiwandani Wawi, Chake Chake, ni makali kweli kweli. Usiyapake matupu, yanaunguza ngozi. Matone machache kwenye kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi, ujaribu kwanza kwenye mkono wa ndani, usubiri kesho yake. Usiyaweke karibu na macho, na mtoto mdogo asipakwe kabisa.

Ule moto unaousikia ni wa ngozi tu, kwenye kano haufiki. Lakini kama unakupa raha na unakufanya uusogeze mkono, sawa. Kukanda kwa kitambaa cha maji moto kunafanya kazi hio hio bila gharama, ilimradi maji yasikuunguze, na mwenye kisukari ambae hasikii vizuri ngozini amwachie mwengine ayapime.

7. Na hijama?

Wapo wanaopata nafuu ya muda, kama kwenye kuchua. Ushahidi wake kwa bega ni mdogo. Ukitaka kuumikwa nenda kwa anaetumia wembe mpya mbele ya macho yako na vikombe visafi, na kama unatumia dawa za kuyeyusha damu au kisukari chako hakijatulia, muulize daktari wako kabla.

## Mazoezi

8. Linauma, nitafanyaje mazoezi na linauma?

Hapa ndo watu wengi wanapokwama. Wanadhani maumivu maana yake kitu kinachanika. Kwa bega la kano si hivo, maumivu kiasi wakati wa zoezi yanaruhusiwa. Yape namba, sifuri mpaka kumi. Mpaka nne au tano endelea, alafu angalia kesho asubuhi: yakiwa yamerudi kama yalivokuwa jana, kipimo ni sawasawa. Yakiwa yamezidi, usiache, punguza idadi au uzito.

Bega kulifunga kwa ushungi au khanga wiki nzima "lipumzike" ndo njia ya kulikazisha zaidi.

9. Mazoezi gani sasa, yataje

Huhitaji jim. Unahitaji ukuta, ufagio, khanga, chupa ya maji, na mpira wa ndani wa baskeli uliokufa (fundi atakupa bure).

Kwa bega linalouma sana au lililoganda, anza na haya ya kulainisha, mara mbili tatu kwa siku, kidogo kidogo:

*Kupembea.* Inama, mkono mzima uegemee meza, ule mbovu uning'inie, uuzungushe kwa kuyumbisha mwili, sio kwa nguvu za bega. Dakika moja mbili. Zoezi hili limebeba jina la Ernest Codman, daktari wa Boston aliyeandika habari za bega kuganda mwaka 1934, na mpaka leo hatujapata la kuanzia lililo rahisi kuliko hilo.

*Ufagio.* Lala chali kwenye mkeka, shika mti wa ufagio kwa mikono miwili, mkono mzima uubebe mgonjwa kwenda juu ya kichwa mpaka unapobana, hesabu tano, rudi. Mara kumi. Alafu viwiko ubavuni, tumia ule mti kuusukuma mkono mbovu kwenda nje.

*Vidole ukutani.* Vipandishe kama kaa anavopanda, weka alama ya mkaa unapofika. Wiki ijayo utaona mwenyewe kama unapanda.

*Khanga mgongoni.* Mkono mzima juu, mbovu chini, kama unajifuta mgongo, wa juu uvute taratibu. Hili lisiwe la kwanza, liache mpaka usiku uweze kulala.

Kwa bega la kano, ukishaweza kusogeza, ingia kwenye nguvu, siku moja ndio siku moja hapana, seti tatu za mara nane mpaka kumi na tano:

*Kuvuta nje.* Funga mpira wa baskeli kwenye kitasa au nguzo usawa wa kiwiko, simama kwa ubavu na mkono mzima uwe upande wa nguzo, taulo iliyokunjwa ubane kwapani mwa mkono unaouma, kiwiko kimekunjwa, vuta mpira mkono uende nje, kurudi rudi polepole. Hili kwangu ndo mfalme wa mazoezi ya bega na ndo linalodharauliwa mana halitoi jasho.

*Kuvuta nyuma.* Mpira huo huo mbele yako, vuta viwiko nyuma kama unavuta kamba ya ngalawa, majani ya bega yakaribiane.

*Kusukuma ukuta.* Kama pushapu ila umesimama. Ukizoea shuka kwenye meza, baadae kwenye ngazi.

*Kunyanyua chupa.* Chupa ya nusu lita ni nusu kilo, inatosha kuanza. Nyanyua kwa mbele kidogo ya ubavu, dole gumba juu, mpaka usawa wa bega. Wiki zikienda, chukua ya lita moja na nusu.

10. Mpaka lini?

Bega la kano lipe wiki 12. Nafuu ya kwanza mara nyingi ni usiku, unagundua umelala. Watu wanaacha wiki ya tatu, tena wanaacha wakati kano ndo kwanza zinaanza kuizoea kazi. Ukishapona baki na zoezi la kuvuta nje na kusukuma ukuta mara mbili kwa wiki.

11. Niko Micheweni, fizio (mtaalamu wa tiba ya mazoezi) yuko mbali, siwezi kwenda kila wiki

Usiende kila wiki. Uingereza walifanya utafiti mkubwa wa watu 708 wenye maumivu haya ya kano, matokeo yakatoka 2021: waliopewa siku moja tu ya maelekezo mazuri na kijitabu, baada ya mwaka walikuwa sawa na waliosimamiwa mpaka mara sita. Kwa hio safari moja nzuri inatosha, Pemba ulizia hospitali ya Abdulla Mzee Mkoani, Unguja ulizia Mnazi Mmoja, chunguzwa vizuri, oneshwa mazoezi, mwambie mtoto akurikodi kwa simu wakati unaoneshwa. Mama zetu wanaotaka kuhudumiwa na mwanamke waseme pale pale mwanzo wanapojiandikisha, ni haki yao na mara nyingi inawezekana.

## Kazi, ibada na usingizi

12. Niache kazi?

Mara chache sana nasema acha. Punguza kinachochokoza kwa wiki chache alafu urudishe.

Mwani: kufunga mbegu kwenye kamba fanya umekaa, mikono chini ya usawa wa kifua, na ukitoa shambani toa mifuko midogo mingi badala ya gunia moja lililorowa, mana mwani mbichi wote ni maji. Nazi: kukuna juu ya mbuzi kunauchosha mkono mmoja tu, badilisha na mtu baada ya nazi moja mbili. Karafuu ni ngumu zaidi, mikono iko juu kutwa na unavuta matawi kwa ngoeko, na msimu haukusubiri. Ushauri wangu kwa mchumaji ni kuanza mazoezi ya nguvu miezi miwili kabla ya karafuu kupea, sio siku ya kupanda mti.

13. Nalala vipi?

Chali, mto mdogo chini ya kiwiko mkono usianguke nyuma. Au lalia upande mzima, ukumbatie mto mbele. Tu.

14. Kwenye sala naumia nikinyanyua mikono na nikisujudu

Hukumu yake muulize sheikh wako, mie nasema upande wa mwili: nyanyua mpaka unapofika, usilazimishe ufike masikioni. Kwenye kwenda chini tanguliza magoti, na kunyanyuka tumia mkono mzima, kule kujisukuma kwa mkono mbovu ndo kunakouma. Kusali kwenyewe hakuliharibu bega, wengi linawalainisha.

Ramadhani mazoezi ya kulainisha fanya wakati wowote, ya nguvu yaweke baada ya tarawehe.

## Dawa, sindano, oparesheni

15. Vidonge?

Paresitamo ni salama kuanzia, mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa siku, yaani vidonge vinane vya miligramu 500. Diklofenaki na ibuprofeni zinasaidia kwa siku chache lakini mwenye vidonda vya tumbo, presha, figo, au mjamzito asijinunulie dukani. Kumeza diklofenaki miezi sita ili uendelee na kazi, huko ni kubadilisha bega kwa figo.

16. Sindano ya bega?

Ile ya steroidi hupunguza maumivu wiki kadhaa, na kwa bega lililoganda likiwa bado changa na linauma sana nadhani inafaa, inakupa usingizi na nafasi ya kufanya mazoezi. Kwa kano nafuu ni fupi. Ule utafiti wa swali la 11 uliipima pia: baada ya mwaka waliochomwa na wasiochomwa hawakuwa na tofauti. Wenye kisukari soma swali la 18 kabla ya kukubali.

17. Altrasaundi imesema kano imechanika, si lazima nipasuliwe?

Si lazima. Ukiwapima watu wa miaka 60 na kuendelea ambao mabega yao hayaumi hata kidogo, utawakuta wengi wana kano zilizochanika na hawana habari. Kwa hio picha peke yake haisemi kitu, inasomwa pamoja na mkono. Anaehitaji kuonwa na mpasuaji mapema ni yule aliyeanguka, alikuwa mzima, na tangu siku hio mkono haunyanyuki.

Na ile oparesheni ya kukwangua mfupa "kano ipate nafasi", Waingereza waliilinganisha na oparesheni ya kuigiza, yaani mtu anaingizwa kamera lakini hakwanguliwi kitu, wakachapisha 2018: tofauti ya maana haikuonekana. Kabla hujauza ng'ombe kwenda kupasuliwa nje ya nchi, maliza hizo wiki 12.

## Hali za pekee

18. Nina kisukari

Kwako bega kuganda ni jambo la kawaida zaidi, huchukua muda mrefu zaidi, na la pili linaweza kufuata. Sukari ishughulikie sambamba na bega. Ukichomwa steroidi sukari inaweza kupanda siku kadhaa, ipime mara nyingi na mwambie anaekuchoma kabla. Na kama bega limeganda na hujawahi kupima sukari, kapime.

19. Baba kapata kiharusi, mkono umelegea na bega linamuuma, tumchue?

Mchueni kwa kupapasa tu, na kwa mapenzi. Kinachowaumiza wazee wetu ni kuvutwa. Misuli ile minne ya swali la 1 imelala, bega linashikiliwa na ngozi na kano tu, sasa wanawe wawili wanamnyanyua kitandani kwa kumshika makwapa, au mmoja anamvuta mkono akae. Msifanye hivo. Mshikeni kiunoni na nyuma ya majani ya mabega, akikaa mkono uegemezwe kwenye mto, na msiunyanyue juu ya usawa wa bega mpaka fizio awaoneshe namna.

20. Bega limetoka uwanjani, mzee mmoja anajua kurudisha

Anajua, na huenda kashawarudishia wengi. Lakini hajui kama ndani kuna mfupa uliovunjika, na kuvuta juu ya mfupa uliovunjika kunaweza kuumiza mshipa wa damu au wa fahamu. Funga mkono ulivo kwa khanga, nenda kapigwe eksrei, lirudishwe huko. Likisharudishwa vijana ndo wanaohitaji mazoezi ya nguvu kuliko wote, mana kwao hutoka tena na tena.

21. Mie nafanya masaji hotelini Nungwi, bega linaloniuma ni langu

Nyie mnasahauliwa. Teremsha kitanda, usukume kwa uzito wa mwili mkono ukiwa umenyooka, tumia kiganja na kigasha badala ya dole gumba, na wageni wanaotaka presha kubwa wasifuatane watatu mfululizo, zungumza na msimamizi. Mazoezi ni yale yale ya swali la 9, na wewe pia tafuta wa kukuchua.

22. Linalia ka-ka-ka nikizungusha, lakini haliumi

Liache lilie.